Mto wa Tano Haujafika

Makhanu akiniona kwa mbali ananyanyua mkono na kuutingisha. Maana yake ni bado. Sina haja ya kufika kwenye meza yake, lakini nafika, kwa sababu nimetoka Mukumu na siwezi kugeuka katikati ya barabara kama mtu aliyesahau kitu.

Anauza vitabu kuukuu Kakamega mjini, kando ya soko.

"Mzee Osundwa, umekuja kuniuliza?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi nisalimie, halafu uniulize."

"Kimefika?"

"Bado."

Kitabu chenyewe kinaitwa Mto wa Tano. Hadithi yote ni ya mito sita, na kila mto una kitabu chake. Mwandishi ni mtu wa upande wa Tanzania. Vinne vimetoka. Cha nne kilitoka mwaka wa 2016, na tangu hapo mwandishi amenyamaza. Wako wanaosema anaumwa. Makhanu anasema ni mtu wa kuandika polepole tu.

Mimi shule sikuenda. Haya ninayosema anayaandika mwalimu Kemunto, jirani yangu. Vitabu vilikuwa vya mke wangu, Awinja. Alikufa mwaka juzi, mwezi wa tatu.

Awinja alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Miaka ishirini na sita. Mikono yake ilikuwa na ile harufu ya dawa ya kuondoa madoa, hata akila ugali ilikuwepo. Siku moja aliinua godoro akakuta kitabu chini yake. Mgonjwa alikuwa ameenda nyumbani. Awinja alikiweka kwenye kabati la sabuni miezi sita, akingoja mwenyewe arudi kukitafuta. Hakurudi. Ndipo akakileta nyumbani.

Jumapili ile tulitoka kanisani, tukala, akakaa mlangoni penye mwanga akaanza kusoma kwa sauti. Sikumwomba. Mimi nilikuwa nanoa msumeno. Nilipofika katikati ya meno nikaacha kunoa.

Ni hadithi ya binti anaitwa Tamasi, mtoto wa mvushaji. Mama yake alivuka mito akapotea, naye anamfuata. Kila mto unakula kitu. Wa kwanza ulikula jina lake. Humo mtoni kuna mnyama mmoja, Dungurume, anayemeza majina ya watu. Awinja akifika kwa Dungurume alikuwa anashusha kidevu hadi kifuani, sauti inatoka chini. Mtu mzima, mfuaji wa mashuka.

Basi ikawa hivyo. Jumapili, chakula, kitabu. Vile vingine alivinunua kwa Makhanu kila kimoja kilipotoka. Nilimtengenezea rafu ya mbao ya mukumari, maana kazi yangu ilikuwa kupasua mbao. Nilipima kitabu kimoja kwa vidole, nikazidisha mara sita. Akaniuliza mbona ni ndefu hivyo. Nikamwambia, si umesema ni sita? Hapo alinitazama sana. Sijui aliona nini.

Sasa niseme jambo langu. Nimekaa nalo muda mrefu.

Jumapili tuliyomaliza cha nne, nilikuwa nimepasua mbao wiki nzima msituni. Nilikula nikashiba. Awinja akaanza sura ya mwisho, na mimi nikalala pale pale kwenye kiti. Nilipoamka alikuwa anafunga kitabu. Macho yake yalikuwa na maji.

"Umesikia?" akaniuliza.

Ningesema nililala. Ni neno moja tu. Lakini alikuwa analia, nikaona aibu.

"Nimesikia."

"Unaonaje, ataachilia ile kamba?"

Kamba gani sikujua.

"Hataachilia," nikasema.

"Mimi nasema ataachilia."

Tangu siku hiyo likawa neno letu. Tukichambua maharagwe ananiuliza, Osundwa, ataachilia? Nasema hataachilia. Yeye anasema ataachilia. Tukienda matanga, tukirudi, njiani ananiuliza. Alikuwa anauliza akitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nilidhani anafurahia ubishi.

Nilitaka akisome tena. Lakini alikuwa amesema hatagusa hata kimoja mpaka cha tano kije, ndipo arudie vyote vinne, hadithi iwe mbichi. Kwa hiyo mimi ndiye nilikingoja zaidi kuliko yeye. Kila mwezi nilienda kwa Makhanu. Awinja alidhani nampenda sana, namfuatia kitabu chake. Nilikuwa nampenda, ndiyo. Lakini nilikuwa pia natafuta mahali pa kuuzika ule uongo.

Miaka saba. Halafu akaumwa.

Siku ya mwisho tuliyoongea vizuri alikuwa kwenye kitanda, chini ya mashuka yaliyofuliwa na watu wengine. Aliyashika akasema hayajasuuzwa vizuri. Kisha akageuza kichwa.

"Osundwa. Ataachilia?"

"Hataachilia."

Akacheka mpaka akakohoa. Muuguzi akaja akaniambia nimwache apumzike.

Kwetu mtu akizikwa, baada ya siku chache watu wa nyumba wanakaa pamoja. Wananyolewa nywele, na vitu vya marehemu vinagawanywa ili kila mmoja awe na kitu cha kumkumbuka. Mwenye kugawa siku hiyo alikuwa Isaiah, kaka yake Awinja. Gauni huku, sweta kule, leso, viatu. Mimi nilikaa kwenye kiti na kichwa changu kipya, upepo unakipiga. Nilikuwa naangalia mchwa wakibeba jani.

Isaiah akasema, "Mulamwa, na hivi vitabu vinne?" Ndivyo tunavyoitana mashemeji.

Wote pale waliona vitabu vinne, kama leso nne. Mimi peke yangu nilijua ni kitu kimoja. Kugawa vile ni kama kugawa suruali, huyu mguu huu, yule mguu ule.

Nikasema, "Gawa."

Sikuinua hata macho kuona nani amechukua kipi. Jioni rafu ilikuwa tupu, nafasi zote sita.

Mark, kijana wetu, yuko Nairobi. Anapiga simu Jumapili, saa ile ile ya kitabu, bila kujua. Umekula baba? Nimekula. Dawa umemeza? Nimemeza. Halafu kila mtu anamngoja mwenzake aseme, na pesa ya simu inaisha.

Nilikuwa nimeacha kwenda kwa Makhanu. Mwaka mzima sikwenda. Kisha mwezi mmoja miguu ilinipeleka yenyewe, nikajikuta pale. Hakusema pole. Alinisogezea kiti. Tangu hapo naenda tena.

Mwaka huu mwezi wa sita hakutingisha mkono. Alinyanyua kidole kimoja, ningoje.

"Mzee, wamesema Disemba. Wamesema safari hii si maneno."

Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito. Cha tano kikija nitatafuta wa kunisomea, Kemunto atanisomea. Lakini sijui cha nne kiliishaje. Na nilikuwa nimemwambia Awinja nimesikia. Nikaona nikifa hivi nitakutana naye na uongo mdomoni. Nikasema nakitafuta.

Cha nne nakijua kwa jalada, ni kijani, kuna mkono umeshika kamba. Sikujua kiko kwa nani. Nikaanza na Isaiah, kule Malinya.

Nilimkuta anampaka fahali wake mafuta mgongoni. Isaiah ni mtu wa fahali wa kupigana, tangu ujana.

"Mulamwa, umepotea. Nilidhani umeoa."

"Nani atanichukua?"

"Wajane wapo. Shida wewe huongei. Mwanamke atadhani amekaa na kiti." Akampiga fahali kofi la shingo. "Simama, Dungurume."

Nikashtuka. "Umemwita nani?"

Isaiah akaona haya, mzee wa miaka sabini na mbili. "Ni jina tu. Limetoka kwa kile kitabu cha dada. Tangu nimpe ameshinda mara mbili."

"Umekisoma?"

"Mara tatu. Sasa wewe niambie, mtu gani anaandika hivyo? Mtoto anaingia majini, jina limeliwa, halafu kitabu kinaisha. Kinaisha tu. Nimekaa na huyo mtoto majini miaka miwili, mulamwa. Namwota."

"Kiko cha pili."

Akaacha kupaka mafuta. "Wapi?"

"Kama si kwa Mark, kwa Naliaka, kwa Zeituni. Viligawanywa. Ni wewe uligawa."

"Cha pili ni rangi gani?"

"Chekundu."

Akaweka mafuta chini. Fahali naye akageuka kumtazama.

"Chekundu nilimpa Naliaka," akasema. "Kwa mkono wangu huu. Kiko Butere. Miaka miwili kiko Butere."

Naliaka ni dada yake wa mwisho. Hawajasalimiana tangu siku ya kunyoa, kwa sababu ya sufuria kubwa ya Awinja ambayo kila mmoja alisema ni yake. Cha kijani Isaiah hakukumbuka alimpa nani. Alinipa chake, chenye picha ya korongo, amekifunga na karatasi ya saruji kama mtoto wa shule.

"Mpelekee. Lakini ulete hicho chekundu. Na usiseme ni mimi nimetaka."

Nikaenda Butere. Naliaka anauza mboga, mrenda na kunde. Aliponiona alifuta kiti kwa leso yake. Kabla sijasema shida yangu akaniuliza hali, akaniuliza kuku, akaniuliza kama napika mwenyewe. Nikasema napika.

"Unapika nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Ugali."

Akaanza kunifungia mboga bila kuniuliza. Nikatoa kitabu cha korongo nikaweka mezani. Alikitazama, akainama chini ya meza, akatoa chekundu kutoka kwenye kikapu chake.

"Mulamwa, mimi nilidhani panya walikula mwanzo," akasema. "Hiki changu kinaanza mtoto yuko majini. Na jina hana. Kila mtu anamwita wewe, wewe. Nimekuwa nauliza hata wateja wangu, jina la huyu mtoto liko wapi?"

"Liliibiwa kwenye mto wa kwanza."

"Nani aliiba?"

"Dungurume."

"Yuko wapi huyo?"

"Saa hii? Malinya. Anapakwa mafuta."

Nilimweleza habari ya fahali. Alicheka akashika mbavu. Nikasikia kicheko cha Awinja mle ndani, ni kile kile, kinaanza juu kinashuka. Nikaangalia barabara mpaka kikaisha.

Alinipa chekundu akachukua cha korongo. "Mpelekee huyo mtu wa fahali. Mwambie sufuria yenyewe ilitoboka."

"Na kijani?"

"Kijani alichukua Zeituni. Yule wa Mumias, aliyefua naye mashuka. Mimi nilimwona, alikibana kwapani kabla hajapewa."

Cha tatu basi kiko kwa Mark. Nilimwuliza Jumapili ile kwenye simu. Akasema, "Kiko kwa nyumba, baba. Sijakifungua." Nikamwambia mjomba wake na mama yake mdogo watakihitaji. Akasema atakuja nacho Disemba. Mwaka jana pia alisema Disemba.

Nilipeleka chekundu Malinya, nikakaa siku mbili nyumbani magoti yapoe, ndipo nikaenda Mumias.

Zeituni aliacha kazi ya hospitali zamani, akarudi kwao kuuza leso na vitambaa. Duka lake ni dogo, mtu akiingia mwingine anatoka. Alinikaribisha, "Baba Mark, karibu, karibu ndani, pole na safari," akatuma chai ije. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Alifungua droo ya pesa, na chini ya pesa kilikuwepo, kijani.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Nilidhani utakuja mapema."

"Sikujua kiko kwako."

"Ungeuliza."

"Ndiyo. Ningeuliza."

Nikamwambia nataka anisomee sura ya mwisho. Sikumwambia kwa nini. Akavaa miwani, akaanza kutafuta mahali, anafungua kurasa na kidole.

"Baba Mark, hizi alama ni za nini?"

"Zipi?"

"Hapa pembeni. Kwa penseli. Msalaba mdogo, na maandishi. Nimeziona nyingi, sikuelewa. Hii inasema, 'O. amelala.' Na hii tena, ukurasa wa mbele, 'O. amelala.' O. ni nani, si ni wewe?"

Nilikuwa nalala Jumapili nyingi, hiyo ni kweli. Na Jumapili iliyofuata Awinja alikuwa anaanzia pale pale niliposikia mwisho. Siku zote nilidhani ana akili ya kukumbuka. Kumbe alikuwa ananiandika.

"Endelea," nikasema.

"Hii ya sura ya mwisho ni ndefu kidogo." Akasogeza kitabu kwenye mwanga. "'O. amelala. Anasema amesikia.'"

Mteja akaingia akauliza bei ya leso ya maua. Zeituni akamwambia arudi baadaye. Mteja akatutazama, akaondoka.

Miaka saba aliniuliza ataachilia. Kwenye maharagwe. Njiani. Kitandani hospitalini. Alikuwa anajua. Kila alipouliza alikuwa ananifungulia mlango niseme nililala, Awinja, nisomee tena. Na angenisomea. Hiyo ahadi yake ya kungoja cha tano, angeivunja siku hiyo hiyo, namjua. Mimi nilienda mjini kila mwezi kukingoja kitabu, na yeye alikuwa mlangoni ananingoja mimi.

"Nisome?" Zeituni akauliza.

"Soma."

Alisoma. Sauti yake ni nyembamba, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko chetu. Ilichukua muda mrefu, chai ilipoa. Tamasi yuko katikati ya mto wa nne. Amejifunga? Hapana, ameshika tu, kwa mikono. Kamba imetoka kwa baba yake, mzee, amesimama ng'ambo ya nyumbani ameizungusha kiunoni. Ng'ambo ya mbele kuna mama yake. Mama anamwita, na anamwita kwa jina lake, lile lililoliwa, ambalo hakuna mtu amelitaja tangu mto wa kwanza. Kamba ni fupi, imepungukiwa urefu wa mkono mmoja. Akiachilia anamfikia mama. Asipoachilia, baba atamvuta arudi. Halafu kitabu kinasema, "Tamasi akaitazama mikono yake." Basi. Hapo kinaisha.

Zeituni akavua miwani.

"Mimi nimesoma hapo mara ngapi sijui," akasema. "Baba Mark, unaonaje? Ataachilia?"

Si yeye aliyetakiwa kujibiwa kwanza.

Alitaka nikichukue kitabu. Nikakataa. Nikamwambia Isaiah anakuja nyuma, yuko mto wa pili, na Naliaka anamfuata, wakifika huku watakihitaji. Akasema atakituma. Kisha nikarudi mlangoni nikamwomba kitu. Nikamwomba ile alama ya mwisho asiifute, na mwingine yeyote asiifute.

"Nani atafuta?" akasema. "Nenda salama."

Awinja nimemzika nyuma ya nyumba, karibu na ua. Asubuhi yake nilichukua kiti changu, kile kile nilicholalia, nikakipeleka pale. Magugu yalikuwa yameota upande wa kichwani. Niliyang'oa kwanza. Halafu nikakaa.

"Awinja," nikasema. "Nililala."

Kuku wakaja wakaanza kuchakura udongo mbichi nilipong'oa. Niliwaacha.

"Uliniandika. Nimeona. Zeituni amenionyesha. Sasa nimesikia. Kamba, baba yake, mama yake, mikono. Yote nimesikia."

Nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka Mumias nitasema nini. Nilifikiri labda nitasema ataachilia, nimpe hilo, amalize ubishi ameshinda. Lakini ingekuwa uongo mwingine. Mimi ningekuwa yule mzee mwenye kamba kiunoni ningeshika mpaka kiuno kikatike, na mtoto angeona, asingeachilia.

"Bado nasema hataachilia," nikamwambia.

Hapo ndipo yeye alikuwa anasemanga, "Mimi nasema ataachilia." Nikamwachia nafasi yake aseme. Nilikaa mpaka jua likafika kwenye kiti, nikakisogeza kivulini, nikakaa tena.